Muda uliisha kabla kisa hakijafika mwisho: nirudi kuendesha michezo kwenye tamasha?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nimekuwa nikiendesha michezo ya kuigiza wahusika kwa miaka sita, nyumbani kwangu, pamoja na marafiki wanne ambao hawajabadilika tangu tulipoanza. Mimi ndiye ninayesimulia, ninayeigiza watu wote wanaokutana nao njiani na ninayeamua pale kanuni zinaponyamaza. Kila mmoja wao huigiza mhusika wake, na dadu hutuamulia yale ambayo hatuwezi kuyaamua wenyewe. Tumezoeana kiasi kwamba nikikohoa tu wanajua kuna mtego mbele yao.

Mwaka uliopita nilijitolea kuendesha mchezo mmoja kwenye tamasha la michezo ya mezani, mbele ya watu ambao sikuwahi kuwaona. Nilipewa kipindi cha muda wa saa nne na meza ya watu sita. Nilikuwa nimeandika kisa kirefu kuhusu mji uliozama ziwani na kengele yake iliyoibwa, kisa ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Kilikuwa na kurasa 31, ramani tatu na watu 17 wenye majina.

Mambo yalianza kuharibika mapema. Mmoja wa walioandikishwa hakutokea, lakini wawili waliokuwa wamesimama kando waliomba kuketi, nami nikaona haya kuwakatalia, tukawa na wachezaji saba. Kutengeneza wahusika kulichukua zaidi ya saa nzima, kwa sababu watatu kati yao hawakuwahi kuucheza mchezo huo. Bwana mmoja aliyezijua kanuni kuliko mimi alianza kuwaamulia wenzake la kufanya. Dada mmoja aliyeketi mwisho wa meza alizungumza mara tatu tu, na tulipokwenda mapumzikoni hakurudi. Muda ulipokwisha wachezaji walikuwa hawajafika hata kwenye ngazi za mnara wenye kengele, na kundi lililofuata lilikuwa limekwisha kusimama nyuma ya viti vyetu na maboksi yao mikononi. Niliwasimulia mwisho wa kisa kwa dakika mbili. Kijana mmoja akasema, "Kumbe ndivyo ilivyokuwa," akakusanya dadu zake, akaondoka.

Sijaacha kuyafikiria maneno yale. Sasa waandaaji wameniandikia tena, wakiniomba niendeshe michezo mitatu ndani ya siku mbili: miwili ya kuigiza wahusika na mmoja wa ubao, ambao nitatakiwa kuwafundisha watu wasioujua. Nashindwa kuwajibu. Je, mtu aliyezoea kuwasimulia rafiki zake anaweza kujifunza kuwasimulia wageni, au hicho ni kipaji cha watu wengine? Nimfanyeje mtu anayewasemea wenzake? Na je, nimtafute yule dada nimwombe radhi?

Msimulizi wa Kengele

JIBU

Ndugu Msimulizi,

Rudi. Lakini chukua michezo miwili, si mitatu, na kabla hujawajibu waandaaji kifungue kile kisa cha kurasa 31 uusome mwisho wake, kwa maana kazi yako yote itaanzia huko.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na sikumwona ndani yake mtu asiyejua kusimulia. Nilimwona mtu aliyechukua kisa cha nyumbani akakipeleka mahali ambapo hakuna wiki ijayo. Nyumbani, wachezaji wasipofika kwenye ngazi za mnara leo watafika mtakapokutana tena, na pengine kule kuchelewa kunaongeza utamu. Kwenye tamasha, watu sita wasiojuana wameacha meza nyingine zote wakachagua yako, na kundi hilo halitakutana tena kamwe. Kisa chao hakina budi kuanza, kukua na kumalizika kabla wale wenye maboksi hawajasimama nyuma ya viti. Kufanya hivyo kunahitaji ufundi wa namna yake, na ufundi huo hufundishika; nimewaona watu wapole, wenye sauti ndogo, wakiumudu vizuri kuliko wasemaji hodari.

Wala tatizo lako si geni. Tamasha la Gen Con, ambalo leo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani, lilianza mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, likiwa mkutano wa wapenzi wa michezo ya vita ya mezani. Mwanzilishi wake, Gary Gygax, ndiye aliyeutoa mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons pamoja na Dave Arneson mwaka 1974. Mchezo huo ulipoingia kwenye matamasha, waendeshaji walikutana na jambo lilelile lililokukuta wewe, yaani wageni mezani na saa ukutani. Katika mashindano ya miaka ile ya 1970 wachezaji walipewa wahusika waliokwisha kutayarishwa na kisa chenye muda uliowekewa mpaka, ili makundi yaliyopitia kisa kilekile yaweze kulinganishwa. Wewe humshindanishi mtu na mwenzake, lakini vitu hivyo viwili ndivyo vilivyokosekana mezani pako.

Tuanze na muda, kwa kuwa hapo ndipo ulipoumia zaidi. Ratiba inapokupa saa nne, inakupa dakika 240 ambazo si zote zako. Ondoa dakika 15 za watu kuitafuta meza, kuketi na kutajiana majina. Ondoa nyingine 15 za kueleza kanuni na kuchagua wahusika, 10 za mapumziko, na 10 za mwisho za kukusanya vitu ili wanaofuata wakute meza iliyo wazi. Zimebaki 190. Zigawe kwa watu saba, yaani wachezaji sita na wewe mwenyewe, maana nawe unazungumza, tena kuliko wote, na kila mmoja anapata kama dakika 27. Mezani pako, ukihesabu ile saa nzima iliyotumika kutengeneza wahusika na yule mchezaji wa saba, kila mtu alibakiwa na dakika zisizozidi 18. Hakuna msimulizi awezaye kupitisha mji uliozama, ramani tatu na watu 17 wenye majina katika nafasi hiyo.

Kwa uzoefu wangu, onyesho moja lenye uzito, ambamo watu sita wanashauriana, wanatenda na kuona matokeo ya walichokitenda, huchukua kati ya dakika 35 na 45. Kwa hiyo kisa cha tamasha kina nafasi ya maonyesho manne. Ukiandika la tano, liandike ukijua kwamba huenda usilitumie, na liweke katikati, mahali ambapo likiondolewa hakuna atakayeona pengo. Wengi huandika kuanzia mwanzo na kuuacha mwisho ujitafutie njia. Wewe andika mwisho kwanza. Amua ni uamuzi gani utakaokuwa mikononi mwa wachezaji wakisimama mbele ya kengele: wairudishe na kuuamsha mji, waivunje, au waiache ilie? Ukishaujua uamuzi huo, rudi nyuma ujiulize kila mara ni kitu gani wanachohitaji kukijua, kukiona au kukipoteza ili uamuzi huo uwaume. Chochote kisichohitajika kiache nyumbani, hata kama ulikihangaikia usiku kucha. Najua hapa ninakuomba jambo chungu, kwa sababu kisa hiki unakipenda. Lakini rafiki zako wanne bado wanaweza kuufurahia ule urefu wake wote, na wageni wako wanahitaji kiini chake.

Anzia ndani ya jambo lenyewe. Ninakisia kwamba kisa chako kilianza sokoni au nyumbani kwa mzee fulani aliyewaomba wachezaji msaada, nao wakatumia muda mrefu kuuliza habari na kujadiliana kama wakubali au wakatae. Mtu aliyejiandikisha kwenye mchezo wa kengele amekwisha kukubali. Mweke mashuani, usiku, maji yanaingia, na kengele inalia chini yake. Sababu ya kuwapo kwake hapo imo katika karatasi ya mhusika wake, na yaliyobaki atayajua akiwa safarini.

Kisha pembeni mwa kila onyesho andika saa halisi ambayo onyesho hilo lazima liwe limekwisha, kama itakavyosomeka kwenye saa yako siku hiyo, kwa sababu katikati ya kelele na msisimko hutaweza kukokotoa dakika. Muhimu zaidi, andika utakachofanya muda huo ukifika na wachezaji bado wanazunguka. Tuseme kufikia dakika ya 130 wanapaswa kujua kengele ilipofichwa. Wakiigundua kwa werevu wao, vema, na uwape faida fulani kwa werevu huo. Wasipoigundua, habari iwafuate: mwizi mwenyewe atokee, au maji yapungue ghafla na kuacha mnara wazi. Usiifungie habari ya lazima nyuma ya dadu moja, kwani dadu ikikataa kisa chako chote kitakwama mlangoni. Dadu iamue wataifikiaje habari hiyo na watalipa gharama gani. Kuifikia kwenyewe usikuache kwenye bahati.

Sasa wahusika. Watayarishe wote kabla, na kwa meza ya watu sita andaa wanane, ili hata anayechelewa awe na la kuchagua. Kila mhusika awe na ukurasa mmoja tu. Juu kabisa weka sentensi moja inayomtambulisha, kwa kuwa hiyo ndiyo watu watakayoitumia kuchagua: mpiga mbizi anayeogopa giza, mjukuu wa aliyeiiba kengele, fundi wa vyuma asiyesikia sikio moja. Chini yake andika anachokitaka usiku huo, anachomdai au anachomficha mwenzake aliyepo mezani, na mambo manne au matano anayoweza kuyafanya, yaliyoelezwa kwa maneno ya kawaida kando ya tarakimu zake. Mgeni asiyejua mchezo hawezi kuona uwezo ndani ya tarakimu, lakini akisoma kwamba mhusika wake anaweza kubana pumzi na kukaa chini ya maji muda mrefu kuliko yeyote, tayari anasubiri nafasi ya kulifanya hilo.

Hapo ndipo ninapotaka tumrudie yule dada wa mwisho wa meza. Huenda alikuwa mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema, na watu wa namna hiyo hufurahia mchezo kwa njia yao. Mtu kunyamaza si dalili kwamba hafurahi. Lakini jiulize kama katika onyesho lolote palikuwa na jambo ambalo mhusika wake peke yake ndiye angeweza kulifanya. Katika kisa kipya hakikisha kila mhusika ameshika kipande kimoja ambacho bila hicho kengele haiwezi kufikiwa au kuamuliwa: mmoja ana ufunguo, mwingine anaijua lugha ya maandishi, mwingine aliuona mji kabla haujazama. Mtu mwenye kipande hicho atatafutwa na wenzake hata kama hajafungua kinywa.

Msaidie pia kwa namna unavyomwuliza. Swali la "unafanya nini?" ni pana mno kwa mgeni, naye hulijibu kwa kutazama meza. Mwambie kwamba maji yamefika kiunoni, mlango wa kushoto unatikisika na wa kulia una mwanga chini yake, kisha umwulize anaelekea upi. Akishajibu mara mbili maswali ya aina hiyo, la tatu atalijibu bila kupewa njia.

Kuhusu yule bwana aliyewaamulia wenzake, nakuomba usimwone adui. Mara nyingi mtu wa namna yake anaupenda mchezo kwa dhati na anaona anasaidia, hasa mwendeshaji anapoonekana amelemewa. Mpe kazi ya kweli: ashike orodha ya zamu, au awe mtu wa kuulizwa kanuni wakati wewe unaendelea kusimulia, kwa sharti kwamba anajibu anapoulizwa. Akimsemea mwenzake, usibishane naye, geuka umtazame mwenye mhusika, umwite kwa jina la mhusika wake, useme, "Hilo ni pendekezo lake, mpiga mbizi mwenyewe anaamua nini?" Fanya hivyo mapema, mara ya kwanza kabisa, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa ukisubiri hadi mara ya sita utakuwa umekwisha kukasirika na meza nzima itaisikia hasira yako. Akiendelea, ongea naye faraghani wakati wa mapumziko. Usimwaibishe mbele ya wengine, kwani utampoteza yeye na kuwatia hofu wale waliokuwa wanajiandaa kusema.

Usimtafute yule dada. Hukupewa mawasiliano yake kwa ajili hiyo, na mtu aliyeondoka mezani kimya kimya ana haki ya kuachwa aende zake. Unachoweza kukifanya ni kuwatengenezea watakaokuja meza ambayo ni rahisi kuketi na rahisi kuondoka. Niliwahi kuendesha kisa kilichoanza na nyumba inayoungua, na katika maelezo ya ratiba sikuligusia hilo, kwa kuwa nilitaka liwashtue. Mchezaji mmoja alibadilika uso, akavumilia kwa dakika kumi, kisha akaniomba ruhusa aondoke. Moto ulikuwa umeingia katika maisha yake kwa namna ambayo sikuwa na haki ya kuichezea. Kisa chako kinahusu watu waliozama. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu iliyomwondoa dada yule, ila wapo watu ambao habari hiyo si mchezo kwao, na wanapaswa kuijua kabla ya kuvuta kiti.

Kwa hiyo yaandike maelezo ya ratiba kwa uangalifu uleule unaouandikia kisa. Watu huandika juu ya safari ya kusisimua iliyojaa siri, maneno ambayo yangeweza kubandikwa kwenye meza yoyote ukumbini. Jaribu kitu kama hiki: "Kengele ya mji uliozama imeanza kulia usiku, na ninyi ni wazao wa walioiiba. Mazungumzo mengi, mapigano machache. Kuna hofu na habari za watu kuzama majini. Hakuna ukatili wa kina. Wachezaji 4 hadi 6, kuanzia umri wa miaka 14. Wahusika wako tayari na kanuni zitafundishwa." Anayetafuta vita vya saa nne atakwenda kwingine bila kinyongo, na anayeketi kwako atakuwa amekuja kwa ajili ya kile ulicho nacho.

Mezani weka pia kadi yenye alama ya X, zana iliyobuniwa na John Stavropoulos na ambayo sasa imezoeleka katika matamasha mengi. Mchezaji yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linarukwa au linabadilishwa, na hatakiwi kueleza kwa nini. Ieleze kwa sentensi mbili mwanzoni, sema wazi kwamba wewe mwenyewe unaweza kuigusa, na ongeza kwamba mtu anaweza kuinuka na kuondoka wakati wowote bila kuaga wala kujieleza. Wapo waendeshaji wanaoogopa kwamba kadi hiyo itaupoza mchezo. Kwangu mimi imekuwa kinyume: wageni wanapojua kuna njia ya kutoka, huthubutu kwenda mbali zaidi.

Idadi ya wachezaji iamue ukiwa nyumbani, usiiamue ukitazamana na mtu anayekuomba. Kiti cha ambaye hajatokea kishikilie kwa dakika kumi baada ya saa ya kuanza, isipokuwa waandaaji wawe na utaratibu wao, kisha kimpe aliyetangulia kusubiri. Wa pili mwambie kwa upole kwamba meza imejaa na umwelekeze kwa waandaaji. Ulipomkubali yule wa saba uliwapunguzia muda wale waliojiandikisha, nao hawakuulizwa. Jiandae pia kwa upande wa pili: hakikisha kisa kinaweza kuchezwa na watu watatu, kwa kujua mapema vipande vya wahusika wasiochaguliwa vitapatikana wapi.

Kisha kijaribu, na usikijaribu na wale rafiki zako wanne. Wao wanakielewa kikohozi chako. Tafuta watu ambao hujawahi kucheza nao, hata wakiwa watatu tu, tumia wahusika walewale na saa ileile, na uandike muda halisi wa kila onyesho. Jaribio la kwanza litakuonyesha onyesho gani linavimba. Likate, kisha ujaribu mara ya pili. Usisimame kwenye jaribio moja, kwa sababu mara ya kwanza unakisikiliza kisa na mara ya pili ndipo unapoanza kuwasikiliza watu.

Ukumbi utakuwa na kelele. Keti katikati ya upande mrefu wa meza ili usiwe mbali na yeyote, simama unapoeleza jambo kubwa, na weka mbele ya kila mchezaji kadi iliyokunjwa yenye jina la mhusika kwa herufi kubwa. Beba penseli na dadu za ziada.

Mchezo wa ubao ni kazi nyingine, na hapa nitakuwa mfupi. Uchague unaoujua hadi usingizini, na uutandike mezani kabla watu hawajafika. Anza kwa kuwaambia mtu anashindaje, halafu anafanya nini zamu yake ikifika, na yale ya nadra yaeleze yanapotokea. Mtu aliyesikiliza kanuni kwa nusu saa kabla ya kugusa kete huwa amesahau zile za mwanzo. Muda ulioandikwa kwenye boksi uuchukue kuwa ni wa watu wanaoujua mchezo, nawe uuongezee nusu yake kwa wanaojifunza. Ni vizuri pia uwe mchezo unaoweza kusimamishwa bila kuharibika: Catan ya Klaus Teuber, kwa mfano, iliyotoka mwaka 1995, huchezwa na watu watatu au wanne hadi mmoja afikishe pointi 10, na mkikubaliana tangu mwanzo kwamba muda ukiisha mwenye pointi nyingi ndiye mshindi, hakuna atakayeondoka akijiona amenyimwa mwisho.

Waandikie waandaaji kwamba utaendesha kisa kimoja cha kuigiza wahusika na mchezo mmoja wa ubao, kila mmoja siku yake, na kwamba usipangiwe kipindi cha mwisho cha usiku kikafuatwa na cha kwanza cha asubuhi. Waulize meza ina ukubwa gani, kama kuna chumba chenye utulivu kuliko ukumbi mkuu, chumba kinatakiwa kuwa kitupu saa ngapi hasa, na ni nani wa kumwita likitokea jambo mezani lisilokuwa la mchezo. Hata ungekuwa umezoea, michezo mitatu ndani ya siku mbili ingekula sauti na subira yako, na watu wa meza ya tatu ndio wangeliona hilo. Nawe utahitaji muda wa kuketi kwenye meza za wengine kama mchezaji, jambo ambalo litakufundisha kuendesha michezo ya tamasha kuliko barua yangu hii.

Yawezekana, pamoja na hayo yote, muda ukakubana tena. Hutokea hata kwa waliofanya kazi hii miaka mingi, kwa kuwa wachezaji wazuri huja na mawazo mazuri yanayochukua nafasi. Zikibaki dakika 25, simamisha mchezo uwaambie ukweli: muda unakwisha, na tunakwenda kwenye kengele sasa hivi. Usijali kama bado wako mashuani. Waulize kwa sentensi moja moja ni kitu gani kimewagharimu kufika juu, waweke mbele ya kengele, na uwape ule uamuzi uliouandika kabla ya vingine vyote. Halafu zunguka meza, umwulize kila mmoja mhusika wake anafanya nini katika dakika hiyo ya mwisho, ukianza na aliyesema kidogo kuliko wote, na unyamaze hadi amalize kujibu.